Nukta Kumi na Moja Ng'ambo ya Daraja

Alama ya X ilichorwa ukutani Jumatatu saa nne asubuhi, kwa rangi nyekundu ya mafuta. Kufikia saa tisa alasiri mwenye ukuta alikuwa ameshafika mjini kwa mwanawe, amekaa kwenye ncha ya kochi, mkoba mapajani na viatu miguuni, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe kwa daktari.

"Vua viatu basi, mama," alisema mwanawe. Alikuwa fundi wa majokofu, na muda huo alikuwa amepiga magoti nyuma ya jokofu la mteja lililomeza nusu ya sebule.

"Nikivua nitakuwa nimehamia. Mimi sijahama."

Mke wa fundi alirudi kutoka kazini saa kumi na moja. Kwenye ofisi ya bonde la mto walimwita Bi Ramani, na jina hilo lilikuwa limemfuata hadi nyumbani na hadi ukweni, ambako walilitamka kwa fahari kidogo na mzaha mwingi. Alipomwona mama mkwe kochini bila taarifa, alijua hapana heri. Akapiga goti, akaamkia.

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa karibu. Nimekufuata wewe, huyu fundi nimemsalimia tu."

Akasimulia. Walikuja wanaume wawili na ndoo ya rangi. Hata hodi hawakupiga. Alipowauliza wanachora nini kwenye ukuta wake wakampa barua, akaisoma kwa miwani na bila miwani, ikabaki ileile: kwamba amekata msitu wa ukingo wa mto, kwamba nyumba yake imo ndani ya eneo litakalohifadhiwa, na kwamba Ijumaa kutakuwa na mkutano shuleni ramani isomwe mbele ya wote. Baada ya hapo, siku thelathini.

"Nikawauliza, nani kasema nimekata msitu? Mmoja akanyoosha kidole juu." Mama mkwe naye akanyoosha kidole, na wote watatu, bila kukusudia, wakatazama dari.

"Mungu?" aliuliza fundi.

"Setilaiti."

Fundi akacheka, kisha akaona anacheka peke yake.

"Cheka tu. Kule kwetu hakuna anayecheka. Jirani yangu mwenye bati jipya amelifunika lote kwa majani makavu, eti lisimetemete likaonekana. Mzee wa pale juu ana mti umekufa umesimama, utamwangukia jikoni, lakini anaogopa kuugusa. Na mimi, nisikufiche mkwe wangu, siku hizi naoga haraka haraka." Akainama, akashusha sauti. "Hivi wanaona mpaka wapi?"

"Hawaoni watu, mama. Wanaona rangi tu. Doa moja ni kama hatua kumi kwa kumi."

"Basi bafu langu lipo salama. Nyumba je?"

Bi Ramani akainuka kwenda kuchemsha chai. Mama mkwe akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili, yeye aliyekuwa hajawahi kumwomba mkwe wake hata chumvi.

"Wewe si ndiye unayekaa na hiyo mitambo? Waambie waniangalie vizuri. Sitaki upendeleo. Waniangalie vizuri tu."

"Mke wangu atalimaliza hilo," alisema fundi kutoka nyuma ya jokofu. "Mama, umefika penyewe. Ile ramani nzima kaichora yeye."

Alisema hivyo kwa kujivuna, maskini. Bi Ramani akauchomoa mkono wake taratibu.

*

Kwa asiyejua kazi ile, ilikuwa hivi. Setilaiti inapita juu ya mto kila baada ya siku kadhaa na kupiga picha. Kompyuta inachukua picha ya miaka kumi iliyopita na ya sasa, inazilinganisha doa kwa doa, inasema hapa palikuwa msitu sasa ni shamba, hapa palikuwa shamba sasa ni nyumba. Kisha inajifunza mwendo wa mabadiliko hayo na kukadiria bonde litakavyokuwa miaka ishirini ijayo. Lakini kompyuta haijawahi kuona msitu. Lazima mtu aifundishe kwa mifano. Mtu huyo anapewa orodha ya nukta, anakwenda kwenye kila nukta kwa miguu yake, anasimama, anajaza fomu yenye nafasi mbili: *kilichopo sasa*, na *kilichokuwepo miaka kumi iliyopita*. Chini ya nafasi ya pili kuna maneno madogo kwenye mabano: *waulize wenyeji*.

Nukta zilikuwa arobaini. Jumanne asubuhi Bi Ramani alifungua kabati la chuma, akatoa jalada, akazipekua fomu hadi kiwiko cha mto, pale mto unapojikunja ng'ambo ya daraja. Nukta kumi na moja, fomu kumi na moja, mwandiko wake mwenyewe. Kilichopo sasa: *ardhi tupu, mazao*. Kilichokuwepo: *msitu*. Msitu, msitu, msitu, kumi na moja zote, na wino wa kalamu moja, na hakuna hata fomu moja yenye tope.

Alikaa chini. Jalada akaliacha wazi mezani.

Siku ile aliikumbuka kama jana. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na maji yakapita juu ya daraja. Yeye na dereva wa ofisi, ambaye kila mtu alimwita Breki, walisimama upande huu, wakaingia kwenye kibanda cha chai, wakaagiza. Kufikia saa sita maji yalikuwa yamepungua. Breki alisema, "Dada, sasa tunapita." Naye akasema, "Tusijisumbue. Nitajaza kwa kutazama picha."

Na picha ya zamani ilionyesha kijani kizito, kilichoshikana, kama msitu wowote duniani.

Alimkuta Breki uani akiosha gari.

"Breki, ile siku ya daraja. Ukiulizwa?"

Breki alikamua kitambaa taratibu. "Nikiulizwa nini, dada?"

"Kama tulivuka."

"Mimi nilikuwa nimelala kwenye gari." Akatazama huku na huku. "Dada, kitabu cha safari kinasema tulivuka. Kilomita niliandika mimi, sahihi uliweka wewe. Mafuta ya kufika kule yalitoka. Wewe una diploma, utapata kazi nyingine. Mimi nina breki tu." Alitaka kucheka, kicheko kikagoma. "Usinichimbie kaburi."

*

Jumatano alijaribu njia ya mkato.

Usiku uliopita, wakila, alikuwa amemwuliza mama mkwe kama kwa kupitisha muda, "Hivi pale kwako mama, zamani palikuwa na miti gani?" Mama mkwe akamjibu kama anayemjibu mtoto: miparachichi. Kiwiko kizima kilikuwa miparachichi, mikubwa, watu wawili hawaukumbatii mti mmoja, iliyopandwa na babu zao. Ilizeeka, ikaacha kuzaa. Majirani wote wakakubaliana, wakaikata msimu mmoja, wakapanda miche mipya, mwaka mmoja kabla Bi Ramani hajaolewa. "Ndiyo maana wewe hukuikuta. Ungeikuta usingepigwa na jua lile siku ya harusi, ulivyolowa jasho ukaharibu na wanja."

Sio msitu. Bustani ya watu. Kutoka juu, matawi ni matawi.

Basi akafungua kompyuta, akatafuta nukta iliyoangukia karibu na nyumba ya mama mkwe, nukta ya tatu, akafuta *msitu*, akaandika *miti ya matunda*. Moja tu. Akabonyeza, akaiacha mashine itafune. Alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Baada ya dakika arobaini ramani mpya ikafunguka, na hapo hapo akatamani isingefunguka.

Kiwiko kizima kilikuwa chekundu, kwa sababu nyekundu ndiyo rangi ya msitu uliokatwa. Katikati ya wekundu ule palikuwa na kisiwa kidogo cha kijani, cha mraba, safi, na ndani ya kisiwa nyumba moja. Ya mama mkwe. Hata kipofu angeuliza huyo mwenye bahati ni mama wa nani.

Akafungua ramani ya miaka ishirini ijayo. Huko ndiko mambo yalikoharibika zaidi. Mashine ilikuwa imejifunza kwenye fomu za Bi Ramani kwamba watu wa kiwiko hula msitu kama mchwa, ikaupeleka wekundu juu ya mto, kwenye vijiji ambavyo havijakata hata fimbo ya kufukuzia kuku. Nyumba baada ya nyumba. Kila doa lilikuwa na mlango, na nyuma ya mlango mtu anayeoga haraka haraka.

"Unaitazama tena?" Mkuu wa kitengo alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe. Bi Ramani akaziba skrini kwa ukurasa mwingine kwa kasi iliyomwaga kalamu zote mezani. "Usihangaike, mama. Ramani ile ni nzuri. Wafadhili wameipenda. Haina maswali."

"Mkuu, kwenye kiwiko, nafikiri tungerudia…"

"Turudie nini? X zimeshachorwa." Alipuliza chai yake. "Mikataba inaongezwa mwezi ujao. Nimewaambia, huyu mama kazi yake haina maswali." Akampigapiga begani kwa upole, akaondoka.

Bi Ramani akafuta kisiwa. Nukta ya tatu akairudisha ilivyokuwa. Mshahara ule ndio uliolipa chumba na sebule; majokofu ya fundi yalikuja kwa msimu, kama mafua. Akaokota kalamu moja moja sakafuni, na hakuinuka upesi, maana chini ya meza angalau hapakuwa na dirisha.

*

Kwa siku nne mama mkwe alikuwa mgeni mwepesi mpaka ikauma. Aliosha vyombo kabla hajaombwa. Alikula kidogo akisema ameshiba. Viatu alivivua siku ya pili, lakini akaviweka mlangoni vikitazama nje.

Alhamisi jioni alimwita Bi Ramani jikoni.

"Kesho nitasimama mkutanoni. Niandikie swali moja, la kisomi. Mimi nikianza kusema nitalia, na nikilia watasema mama mpeni maji, basi, nitakuwa nimekwisha."

"Mama, mimi ni mfanyakazi wao."

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Unajua panapouma."

Bi Ramani alichukua karatasi kwenye daftari la matengenezo la mumewe. Angeweza kumwandikia swali la bure, la siku thelathini au la fidia, na mama mkwe angelisoma vizuri, angejibiwa vizuri, na yote yangekwisha vizuri kwa kila mtu mwenye kiti. Alikaa na kalamu mpaka maji ya chai yakachemka yakazima moto. Kisha akaandika mstari mmoja, akaikunja karatasi mara nne, kama anayekunja kitu kinachouma.

"Usiifungue mpaka kesho, mama."

"Ni kali?"

"Ni kali."

"Ahsante, mwanangu," alisema mama mkwe, akaitia kwenye mkoba, pamoja na barua.

*

Darasa lilikuwa na madawati ya watoto, na watu wazima walikaa magoti yakigusa videvu. Waliokosa nafasi walisimama madirishani. Ramani iliangazwa kwenye ukuta mweupe, na watu walipouona wekundu ule, sauti zilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Mwanamke mmoja alikwenda hadi ukutani, akauliza nyumba yake iko wapi, akaonyeshwa, akapagusa kwa kidole. Kidole chake nacho kikawa chekundu kwa ule mwanga. Akakirudisha upesi.

Mkuu alizungumza vizuri. Hakumtukana mtu. Alisema mto ni wa wote, sayansi haina chuki, setilaiti haimjui mtu. Mzee mwenye mti uliokufa aliuliza kama anaweza kuukata sasa, mkuu akasema suala hilo litaangaliwa. Bi Ramani alikuwa amekaa mbele pembeni, na kompyuta magotini, akiomba kimoyomoyo mama mkwe awe amesahau miwani.

Hakusahau. Alisimama, akakunjua karatasi, akaisoma neno kwa neno.

"Naomba kuuliza. Aliyeandika kwamba hapa palikuwa msitu, alisimama wapi, na alimuuliza nani?"

Minong'ono ikapita darasani. "Swali zuri hilo," alisema mwenye bati. "Mimi hakuniuliza mtu." "Wala mimi." "Aliulizwa nani hapa? Anyooshe mkono!" Hakuna mkono.

Mkuu akatabasamu. "Mama, wataalamu wetu walifika. Kuna fomu, kuna nukta, zote zina sahihi. Bahati nzuri mtaalamu mwenyewe yupo." Akamgeukia Bi Ramani. "Mama, hebu wathibitishie."

Nyuma, mlangoni, Breki alifumba macho.

Bi Ramani alisimama. Alimwona mumewe dirishani, amevaa shati lake la kwendea benki, anamtikisia kichwa kumtia moyo: sema nao, mke wangu, wamalize.

"Hatukufika," alisema.

"Sema kwa sauti!" alisema mtu nyuma.

"Hatukufika. Asubuhi daraja lilikuwa na maji. Mchana maji yakapungua, dereva akataka kuvuka, mimi nikakataa. Nukta zote kumi na moja za kiwiko nilijaza nikiwa kwenye kibanda cha chai, ng'ambo ile. Sikusimama mahali. Sikumuuliza mtu. Haukuwa msitu, ilikuwa miparachichi, na mimi ndiye niliyeandika msitu."

Mkuu alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limeachwa usoni bila mwenyewe.

Mama mkwe hakuwa ameketi. Alivua miwani.

"Siku ile ulikuwa pale darajani?"

"Ndiyo, mama."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka saa tisa."

"Kwangu ni robo saa kwa miguu. Kwa nini hukuvuka?"

Bi Ramani alitazama sakafu. Hilo ndilo alilokuwa hajamwambia mtu, si Breki, si mumewe.

"Mshahara ulikuwa haujatoka, mama. Sikuwa na kitu mkononi. Niliona haya kuingia ukweni mikono mitupu."

Mtu mmoja alicheka, kicheko kifupi cha kutoamini, kisha akajiziba. Mama mkwe aliikunja karatasi yake mara nne, kama alivyopewa.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "kilo ya sukari ndiyo ilitaka kunivunjia nyumba."

*

Hakuna aliyevunjiwa nyumba wiki ile. Mkuu alizima mashine akasema ilani inasitishwa kwa wiki mbili, nukta zikahakikiwe upya, na mhusika atakuwa na barua yake Jumatatu. Kwa kuwa hapakuwa na mwingine anayejua nukta zilipo, mhusika akaambiwa azimalize kwanza. Jumamosi asubuhi Breki alimpeleka kwa gari hadi darajani, akazima injini, akakaa na mikono juu ya usukani. "Safari hii nimeandika kilomita za kweli," alisema. Hakumwita dada.

Fundi alikuwa hajasema na mkewe tangu mkutano. Mama mkwe, aliyelala kwake baada ya mkutano, naye hakusema, ila alipomwona anavuka daraja na fomu kwapani, alivaa viatu akamfuata.

Walitembea. Kifaa cha mkononi kilisema wapi, mama mkwe akasema nini. Nukta ya kwanza miparachichi, visiki vyake bado vipo chini ya nyasi. Ya pili miparachichi. Ya tatu ilikuwa hatua ishirini kutoka kwenye ile X, na mama mkwe akasimama akaitazama X kwa muda, kisha akasema, "Miparachichi, andika." Watu walitoka milangoni kuwatazama. Wengine walisalimia. Mwenye bati alikuwa juu ya paa, anashusha majani yake mkono kwa mkono, akasita alipowaona, akayarudisha machache.

Nukta ya kumi na moja ilikuwa chini kabisa, ukingoni, nyuma ya mahindi ya mama mkwe. Kifaa kikalia. Bi Ramani akatazama chini, akasogeza nyasi kwa mguu. Visiki vilikuwepo, lakini havikuwa vya parachichi. Vilikuwa vya miti ya mtoni, minene kwa myembamba, isiyopandwa na mtu, iliyokuwa ikishikilia udongo. Chini ya mahindi, ukingo ulikuwa umeanza kumeguka, mizizi imening'inia juu ya maji kama nyaya zilizokatwa.

Mto ulipita.

"Hapa nilikata mimi," alisema mama mkwe. "Mwaka juzi ule, baada ya msiba wa baba yenu. Nilitaka mistari michache zaidi ya mahindi. Nilijua haifai. Nilidhani hakuna anayeona."

Bi Ramani alishika kalamu. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote upande ule wa daraja doa moja linaweza kufanya nini, likishaingia kwenye mashine. Alijua pia kwamba fomu ile ilikuwa ya mwisho, mkono ulikuwa wake, na ng'ambo hakuna aliyebaki wa kumwamini wala kumpinga.

"Mama," alisema, "nikiandika, sijui ramani itatoka na rangi gani. Inaweza kuwa huku chini tu. Inaweza kupanda mpaka nyumbani. Sijui."

Mama mkwe alitazama juu ya kichaka, kule pembe ya ukuta wake ilipoonekana, na wekundu kidogo wa ile X. Akatazama mbingu, tupu, nyeupe, bila hata ndege. Akajifunika kanga vizuri mabegani, kama mtu anayeingiliwa chumbani.

"Mara ya kwanza uliandika umekaa," alisema. "Leo umesimama. Umeona, umeniuliza, nimekujibu. Sasa andika."

Aliandika. Herufi zikatoka kubwa kama za mtoto: *msitu*. Mama mkwe alivaa miwani, akaisoma, akaisoma tena, kisha akavua kiatu kimoja na kukung'uta tope la mtoni juu ya fomu, kidogo tu, pembeni.

"Ili wajue ulifika," alisema.